Mahali pa Kutua Mzigo: Waenda kwa Miguu na Uwanja wa Soko Kuu la Morogoro, 1871–2024

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya eneo la Soko Kuu la Morogoro kwa kumtazama mtu ambaye mipango ya mji haikumweka mbele, yaani mwenda kwa miguu mwenye mzigo kichwani au begani. Kwa kutumia maandishi ya wasafiri wa karne ya 19, sheria za mipango miji, majina ya kata na mpangilio wa mitaa yenyewe, makala inabainisha kwamba kitovu cha mji kilikua kama mwisho wa njia za miguu zishukazo kutoka milima ya Uluguru, na kwamba tangu reli ilipofika mwaka 1907, upangaji ulishughulikia zaidi vyombo vya usafiri na majengo kuliko wabebaji. Hoja kuu ni kwamba kuusanifu upya uwanja wa soko kwa manufaa ya waenda kwa miguu si suala la kuiga miji ya Ulaya, bali ni kumrejeshea mbebaji mahali pa kutua mzigo wake.

1.0 Utangulizi

Kitenzi kutua kina maana kadhaa katika Kiswahili. Jua hutua, ndege hutua, na mtu mwenye mzigo hutua mzigo wake. Kutokana na kitenzi hicho tumepata nomino kituo, ambayo leo huitumia zaidi kwa basi, daladala na treni. Hata hivyo, kabla ya vyombo hivyo, kituo kilikuwa mahali ambapo mpagazi aliweka chini alichobeba, akapumzika, akauza au akanunua chakula, kisha akaendelea na safari. Mabadiliko hayo ya matumizi ya neno moja yanafupisha historia inayojadiliwa katika makala hii: kituo kimebaki, ila aliyetua hapo awali hana tena nafasi.

Mjadala kuhusu kuifanya mitaa ya katikati ya miji ya Tanzania iwe rafiki kwa waenda kwa miguu umezoea kuanza na msongamano wa magari, bajaji na bodaboda, na kuishia na mapendekezo ya njia pana za kando, miti na vivuko. Mapendekezo hayo ni mema. Upungufu wake ni kwamba humchukulia mwenda kwa miguu kuwa mtu mmoja wa aina moja, mwenye mikono mitupu, anayetembea kwa starehe au kuelekea kazini. Katika Morogoro mtu huyo yupo, lakini hakuwa wa kwanza. Wa kwanza alikuwa mtu aliyeshuka mlimani alfajiri akiwa na mkungu wa ndizi juu ya ngata, au mwenye mzegazega begani, matenga mawili yakining'inia huku na huku.

Kwa madhumuni ya makala hii, "uwanja wa soko" haumaanishi jengo la soko pekee. Unajumuisha mitaa inayolizunguka, kingo za barabara, mitaro, vibaraza vya maduka na kila kipande cha ardhi ambacho watu hukitumia kupita, kusimama na kuuza. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: uwanja huo ulitengenezwa kwa ajili ya nani, na kwa nini yule aliyeufanya uwepo amekuwa akihesabiwa kama kizuizi?

2.0 Mji wenye malango manne

Simulizi na maandishi kuhusu asili ya Morogoro hukutana kwa Kisabengo, kiongozi aliyejenga mji wenye ngome chini ya milima ya Uluguru katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mji huo ulijulikana kwa jina la binti yake, Simbamwene, aliyemrithi katika utawala. Henry Morton Stanley, aliyepita hapo mwaka 1871 akielekea Ujiji, aliandika kwamba mji ulikuwa wa umbo la pembe nne, wenye minara ya mawe kwenye pembe zake na malango manne, moja kwa kila upande wa dunia. Alikadiria wakazi kuwa kati ya 3,000 na 5,000. Aliporudi mwaka uliofuata, mafuriko makubwa yalikuwa yamebomoa sehemu ya ukuta na kuchukua nyumba nyingi.

Maelezo hayo husomwa kwa kawaida kama ushahidi wa nguvu za kijeshi. Tukiyasoma kwa jicho la mwenda kwa miguu, yanatueleza jambo jingine. Mji wenye malango manne ni mji uliotarajia watu kutoka pande zote nne. Misafara ya kutoka pwani ilihitaji nafaka, ndizi na maji. Wenyeji wa milimani walikuwa na mazao. Na wote walifika kwa miguu. Hapakuwa na barabara moja kuu ambayo wengine wangeipisha. Thamani ya mahali ilitokana na kukutana kwa njia nyingi nyembamba.

Ni muhimu pia kutomtazama mpagazi wa wakati huo kama mnyama wa mizigo. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa njia za misafara, anaonesha kwamba wengi wao walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye ujuzi, desturi na uwezo wa kudai masharti ya kazi. Mpagazi alijua mahali pa kutua, muda wa kutua na gharama ya kukosa kutua. Ujuzi huo ulikuwa sehemu ya miundombinu ya karne ya 19, ingawa haukuchorwa kwenye ramani yoyote.

3.0 Reli, boma na soko la katikati, 1907–1961

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907. Tangu hapo mji ulipata uti wa mgongo mpya. Upande wa kaskazini, kwenye tambarare, ilisimama stesheni. Upande wa kusini, ardhi inapoanza kuinuka kuelekea milimani, lilisimama boma la utawala. Kati ya viwili hivyo palikua mitaa ya maduka, na humo soko. Majina yaliyobaki yanahifadhi mpangilio huo: kata ya Boma bado inaitwa Boma, na kata ya Kingo inakumbusha ukoo wa watawala wa mwanzo.

Mpangilio huu una maana kubwa kwa mada yetu. Mtawala aliutazama mji kutoka boma kwenda stesheni, yaani mstari ambao maofisa, barua na mazao ya kusafirishwa vilipita. Mluguru aliutumia mji huohuo kwa mistari mingine kabisa. Kutoka Towelo na Ruvuma juu ya mto Morogoro, kutoka Luhungo, kutoka Bigwa upande wa mashariki na vijiji vilivyo mbali zaidi, njia za miguu zilishuka na kukutana mahali paleti palipokuwa na wanunuzi. Soko lilikaa kwenye makutano ya mifumo miwili: mmoja ulichorwa, mwingine ulikanyagwa.

Reli iliua upagazi wa masafa marefu, lakini haikuua ubebaji. Kinyume chake, iliongeza haja ya ubebaji wa masafa mafupi, kwa kuwa wafanyakazi wa reli, wa utawala na wa mashamba ya mkonge ya jirani walihitaji kulishwa, na chakula kilitoka kwenye miteremko ambayo gari halikuweza kuipanda. Kadiri mji ulivyopata magurudumu, ndivyo ulivyotegemea vichwa na mabega ya watu wa milimani.

Vita Kuu ya Kwanza vilidhihirisha jambo hilo kwa ukatili. Majeshi ya Uingereza na washirika wake yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na mapigano yaliyoendelea kusini yalitegemea wapagazi kwa maelfu mengi, ambao wengi wao walikufa kwa maradhi na uchovu. Soko mashuhuri kuliko yote nchini, Kariakoo la Dar es Salaam, limepewa jina linalotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita hivyo. Si jambo la kupuuza kwamba soko kubwa la taifa lina jina la watu waliobeba.

Chini ya Waingereza, miji ya Tanganyika iligawanywa kwa kanuni za ujenzi katika maeneo ya viwango tofauti, ambayo kwa vitendo yalilingana na mgawanyo wa Wazungu, Wahindi na Waafrika. Biashara ya maduka iliwekwa katika eneo la kati. Mwafrika aliingia humo kama mnunuzi, mtumishi au muuzaji wa siku, naye alitakiwa kulipa ushuru wa soko na kuondoka. Muuzaji wa siku hakuhitaji kupangiwa pa kukaa, kwa kuwa hakutarajiwa kukaa. Dhana hiyo, kwamba aliyekuja kwa miguu na mzigo ni mpita njia tu, imeishi muda mrefu kuliko kanuni zilizoizaa.

4.0 Somo la matuta, 1955

Kabla ya kuendelea na mji, inafaa kupanda mlimani kwa muda mfupi, kwa sababu huko ndiko Waluguru walikokabiliana na mpango wa aina hiyohiyo uliohusu ardhi yao ya kilimo. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilitekeleza mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Lengo lilieleweka: udongo ulikuwa ukisombwa na mito, na mito hiyo ndiyo inayolisha mji na, kupitia Ruvu, Dar es Salaam. Hata hivyo, matuta yalidai kazi nyingi, yalifukua udongo usio na rutuba katika sehemu kadhaa, na yaligusa ardhi inayomilikiwa na koo zinazofuata upande wa mama bila kuzishirikisha ipasavyo. Mwaka 1955 zilizuka ghasia, na mpango ukaachwa. Young na Fosbrooke, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1960, waliuchambua mgogoro huo kama suala la ardhi na siasa, si ukaidi wa wakulima.

Tukio hilo linahusiana na uwanja wa soko kwa namna mbili. Kwanza, watu waliokataa matuta ndio haohao walioshuka sokoni. Hawakuwa wageni katika historia ya kupangiwa mambo. Pili, linaonesha kanuni inayojirudia: mpango wenye nia njema hushindwa pale unapomchukulia mtumiaji wa mahali kuwa tatizo la kurekebishwa badala ya mjuzi wa kuulizwa. Mkulima aliujua mteremko wake, kama vile mchuuzi anavyoujua ukingo wa barabara anaouzia.

5.0 Baada ya Uhuru

Uhuru uliondoa misingi ya kibaguzi ya mgawanyo wa mji na kuleta majina mapya, kama kata ya Sabasaba inavyoshuhudia. Msingi wa kitaalamu wa upangaji ulibadilika polepole zaidi. Sheria ya mipango miji iliyotungwa mwaka 1956 iliendelea kutumika hadi ilipofutwa na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007. Kwa nusu karne, basi, miji ya taifa huru ilichorwa kwa chombo kilichotengenezwa kabla ya taifa hilo.

Isitoshe, kati ya mwaka 1972 na 1978 mamlaka za miji zilikuwa zimevunjwa chini ya sera ya madaraka mikoani. Halmashauri za miji ziliporejeshwa mwaka 1978, zilirithi mitaro iliyoziba, barabara zilizochakaa na masoko yaliyozidiwa. Katika muongo huohuo Morogoro iliteuliwa kuwa mji wa viwanda: nguo, turubai, ngozi na viatu. Maelfu ya wafanyakazi walihitaji kula, na kwa kiasi kikubwa walitembea. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kwa shabaha ya kuuza nje, kilishindwa kufikia malengo yake na hatimaye kufungwa. Mji ulipangiwa kuvisha miguu ya wateja wa mbali, ilhali njia za miguu ya wakazi wake hazikupangiwa chochote.

Mwaka 1983 ilikuja Sheria ya Nguvu Kazi, iliyowalenga watu wa mijini wasio na ajira iliyotambulika. Mchuuzi wa barabarani aliweza kukamatwa na kurudishwa shamba. Baadaye msimamo ulilegea, kisha ukageuka: Desemba 2018 serikali ilitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na wachuuzi wakapata kinga ya muda, Oktoba 2021 yakaanza mazoezi ya kuwapanga upya katika miji yote, na kingo za barabara zikasafishwa. Katika kupanda na kushuka huko, swali lililoulizwa lilikuwa daima moja: mchuuzi aondoke au abaki? Swali la pili, yaani mahali penyewe pawe na umbo gani ili mpita njia na muuzaji wasigombanie hatua moja ya ardhi, halikupewa uzito unaolingana.

6.0 Soko la ghorofa na barabara zenye wenyewe wengi

Mahali pa soko la zamani pamejengwa jengo la kisasa la ghorofa kwa zaidi ya shilingi bilioni 17, lililozinduliwa na Rais John Magufuli tarehe 11 Februari 2021 na kupewa jina la Chifu Kingalu. Jina hilo ni la cheo cha jadi cha watawala wa Kinole katika Uluguru, wenye sifa ya kuhusishwa na mvua. Kwa hiyo mlima umeheshimiwa kwa jina. Inabaki kuuliza kama umeheshimiwa kwa umbo.

Jengo la ghorofa lina faida zisizobishaniwa: paa, maji, vyoo, vizimba vinavyofungwa usiku, mapato yanayokusanyika kwa utaratibu. Kwa mfanyabiashara mwenye mtaji ni hatua kubwa mbele. Lakini ngazi ni lugha ambayo mzigo hauielewi. Mtu aliyeshuka mita mamia kadhaa kutoka Towelo akiwa na mkungu kichwani hawezi kuona faida ya kuupandisha tena. Na mnunuzi anayepita akielekea kupanda daladala hununua kilicho kwenye kimo cha macho yake. Ndiyo maana biashara ya mazao ya siku hujirudisha yenyewe chini, kwenye ukingo wa mtaa. Huo si utovu wa nidhamu. Ni hesabu ya nguvu, muda na uozaji wa bidhaa.

Kikwazo cha pili ni cha kiutawala. Tangu mwaka 2017 barabara za mijini zilizokuwa chini ya halmashauri zimekuwa chini ya TARURA, na barabara kuu zi chini ya TANROADS, huku soko na ushuru wake vikibaki kwa Manispaa. Uwanja wa soko, kama ulivyoelezwa mwanzoni mwa makala hii, umekatwa vipande kati ya mamlaka mbalimbali. Soko linaishia ukutani. Barabara inaanzia kwenye mtaro. Ukanda ulio katikati, ambamo mbebaji husimama, ndio ambao ni rahisi kukosa mtu wa kuupanga.

Wakati huohuo mji umepata nafasi ambayo haikuwapo kwa zaidi ya karne. Mabasi ya masafa marefu yana kituo chake Msamvu. Treni ya reli ya kisasa, iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ina stesheni yake Kihonda. Msafiri wa mbali hana tena ulazima wa kupita katikati ya mji. Uti wa mgongo uliowekwa mwaka 1907 umehama, na mitaa inayozunguka soko inaweza kupunguziwa magari bila kuukata mji na nchi. Haja ni kubwa pia: sensa zinaonesha kwamba wakazi wa Manispaa waliongezeka kutoka 315,866 mwaka 2012 hadi 471,409 mwaka 2022.

7.0 Mifano miwili ya kulinganisha

Wataalamu wanapozungumzia mitaa ya waenda kwa miguu hutaja sana Strøget wa Copenhagen, uliofungwa kwa magari mwaka 1962. Mfano huo unathibitisha kwamba biashara haifi gari linapoondolewa. Hata hivyo, mwenda kwa miguu wa Copenhagen ni mnunuzi. Bidhaa hufika dukani kwa gari saa za asubuhi. Katika Morogoro sehemu ya bidhaa na mwenda kwa miguu hufika pamoja, mmoja juu ya mwingine. Mtaa laini wenye viti na maua usio na mahali pa kutua ungemfukuza mbebaji kwa adabu kuliko askari wa jiji, lakini ungemfukuza.

Mfano wa karibu zaidi ni Bustani ya Forodhani, Zanzibar, iliyokarabatiwa na taasisi ya Aga Khan ya utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009. Wauzaji wa chakula wa jioni, ambao ndio waliowavuta watu mahali hapo, walibakizwa na kupangiwa nafasi zao ndani ya usanifu mpya. Mtu anaweza kubishana kuhusu gharama na kuhusu nafasi ya watalii, lakini kanuni ni sahihi: shughuli iliyolifanya eneo liwe na uhai ilichukuliwa kama kigezo cha usanifu, wala si taka ya kuondolewa kabla ya ujenzi.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba uwanja wa Soko Kuu la Morogoro ulizaliwa kwa nyayo. Malango manne ya Simbamwene, njia zishukazo pande zote za mto, na wachuuzi wa kingo za barabara za leo ni sura tatu za jambo moja. Reli, kanuni za kikoloni, kuvunjwa kwa halmashauri na jengo la ghorofa vilibadilisha mazingira ya jambo hilo, lakini havikulifuta.

Kutokana na historia hiyo, usanifu upya wa uwanja unaostahili kuitwa rafiki kwa mwenda kwa miguu ungeanza na mambo manne ya kawaida. Kwanza, vitua mizigo: kuta fupi au majukwaa yenye kimo cha kifua, ili mtu ashushe mzigo bila kuomba msaada. Pili, eneo la chini lenye kivuli kwa mazao ya siku, lisilo na ngazi. Tatu, mitaro iliyofunikwa, ili ukingo uwe njia badala ya shimo. Nne, mamlaka moja, au angalau mpango mmoja, kwa ukanda ulio kati ya ukuta wa soko na barabara. Nafasi ya magari ya zimamoto na ya kushusha shehena lazima ibaki, kwa saa na njia zilizopangwa.

Hoja hii isieleweke kama sifa kwa ubebaji. Kazi hiyo ni nzito, na barabara bora za milimani zingewaondolea wengi adha hiyo. Siku itakapofika, uwanja utabadilika tena. Lakini mpangaji hapangi kwa ajili ya siku hiyo pekee. Hupanga pia kwa ajili ya kesho asubuhi, ambapo mtu atashuka kutoka mlimani kabla ya jua kuchomoza, atafika mjini akiwa na shingo iliyokaza, na atatafuta kwa macho mahali pa kutua.